KUJIGONGAGONGA MWILI ILI HUZUNI IPUNGUE: NILIMJIBU VIBAYA MAMA WA KATONGA



Ndugu zangu na dada zangu, leo andiko ni refu. Chukua chai yako, kaa, tusome pamoja mpaka mwisho. Ukisoma nusu utakwenda kunisema vibaya barazani.

Miezi michache iliyopita, baada ya darsa la kina mama pale Katonga, mama mmoja alibaki nyuma. Wenzake walipokwisha kutoka akaniambia, "Shehe, nina swali, lakini usinicheke." Mwanawe alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja wa giza walitoka kama kawaida, upepo ukawakuta katikati ya ziwa. Wenzake walirudi mwaloni, yeye hakurudi. Tangu siku hiyo mama huyu akisikia injini za maboti alfajiri kifua kinambana, mikono inakuwa ya baridi, na usingizi ndiyo umekwisha.

Jirani yake ni mwanamke aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana, wakati wa vita. Alimwona anavyohangaika akamfundisha jambo. Kaa chini. Kitaje kile kinachokuumiza. Kisha kwa ncha za vidole viwili ujigongegonge taratibu: pembeni ya kiganja, utosini, mwanzo wa nyusi, pembeni ya jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, chini ya mtulinga, na ubavuni chini ya kwapa. Mara saba hivi kila mahali, huku unavuta pumzi. Ukimaliza jiulize: maumivu yalikuwa kumi, sasa yamebaki mangapi? Rudia tena.

Mama akaniambia kwamba usiku ule alilala. Sasa alitaka kujua: "Shehe, hii si shirki?"

Nikamjibu hapo hapo. Nilisema hayo ni mambo ya watu wasio na dini, ayaache, azidishe swala na istighfari, na kwamba huzuni ikidumu sana ni dalili ya imani kupungua. Akasema, "Sawa, shehe." Akajifunga mtandio wake, akaondoka. Darsa lililofuata hakuja. La baada yake pia hakuja.

Jibu lile lilinikaa kifuani. Nilikuwa nimetoa hukumu juu ya kitu nisichokijua, na kutoa hukumu bila elimu ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia sisi tunaopewa kipaza sauti. Basi nikaanza kusoma na kuuliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mizizi ya jambo hili iko China. Matabibu wa kale wa huko walisema mwilini mna njia zisizoonekana, na ndani yake hupita nguvu wanayoiita chi. Njia ikiziba mtu anaugua. Kwa hiyo huchoma nukta fulani za mwili kwa sindano nyembamba, au huzibonyeza kwa kidole. Kitabu chao mashuhuri cha elimu hiyo, kinachonasibishwa na Mfalme wa Njano, kina umri wa miaka 2000 na zaidi.

Na usidhani Waislamu waliikimbia elimu hiyo kwa kuwa ni ya Wachina. Mwaka 1313 hivi, huko Tabriz katika Iran ya leo, waziri na tabibu Mwislamu aitwaye Rashid al-Din alisimamia tafsiri ya vitabu vya utabibu wa Kichina kwenda Kiajemi. Nakala ya kazi hiyo ipo Istanbul mpaka leo. Hakuogopa kusoma. Alitaka kujua wenzake wanatibu vipi, kisha kila kitu kipimwe.

Turuke karne nyingi twende California, Marekani, kwenye mwaka 1980 hivi. Mwanasaikolojia mmoja, Roger Callahan, alikuwa na mgonjwa wa kike aliyekuwa anaogopa maji. Anaogopa bahari, anaogopa bwawa la kuogelea, hata maji ya bafuni. Alikuwa amemtibu kwa zaidi ya mwaka, maendeleo kidogo sana. Siku moja yule mwanamke akasema hofu anaihisi tumboni. Callahan alikuwa amesoma habari za njia za Kichina, na wao husema njia ya tumbo inaanzia chini ya jicho. Akamwambia ajigonge pale chini ya jicho kwa vidole. Kwa masimulizi ya Callahan mwenyewe, dakika chache baadaye mwanamke akasema hofu imeondoka, akashuka mbio kuelekea kwenye bwawa.

Huo ndio mwanzo. Mwaka 1985 Callahan akatoa kitabu akiahidi kuondoa hofu kwa dakika tano. Njia yake ilikuwa na masharti: kila tatizo lina mpangilio wake wa nukta, na ukikosea mpangilio hupati kitu. Mafunzo ya daraja lake la juu yakafika kuuzwa dola 100,000. Wewe uliyekaa mwaloni ukisubiri bei ya dagaa ipande, piga hesabu hiyo mwenyewe.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mhandisi, Gary Craig. Huyu akaona mbona ni mzunguko mrefu hivi? Akachukua nukta zote zile, akazipanga safu moja kuanzia juu kwenda chini, akasema gonga zote kwa tatizo lolote. Ilipofika mwaka 1995 alikuwa ameitangaza njia yake, na mwongozo wake akaugawa bure. Ndiyo hiyo aliyofundishwa mama wa Katonga.

Hapa nataka uwe makini. Callahan alisema mpangilio ndio kila kitu. Craig akasema mpangilio si kitu. Na wote wawili walikuwa na watu wanaotoka wakisema wamepata nafuu. Sasa nani mkweli? Mwenye akili anaanza kujiuliza kama nafuu inatoka kwenye zile nukta au inatoka pengine.

Mwaka 2003 watafiti wawili huko Kanada, Waite na Holder, walijiuliza hilo hilo. Walichukua wanafunzi 119 wa chuo wenye hofu mbalimbali, wakawagawa makundi manne. La kwanza lilijigonga kwenye nukta zenyewe. La pili lilijigonga mahali pa uongo mkononi, pasipo na nukta yoyote ya Kichina. La tatu, na hapa usicheke, lilimgonga mwanasesere. La nne halikugonga chochote, lilipewa kazi ya kutengeneza kitu cha karatasi. Matokeo: makundi matatu ya kwanza yote yalipungua hofu, bila tofauti kati yao. La nne halikupungua. Aliyemgonga mwanasesere kapata nafuu sawa na aliyejigonga chini ya jicho!

Kabla ya hapo, mwaka 1999, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilikuwa kimekataa mafunzo ya Callahan yahesabiwe kuwa elimu ya kitaaluma kwa wanachama wake, kwa sababu ushahidi haukutosha. Wanaoitetea njia hii nao wana tafiti zao. Mwaka 2012, kwa mfano, walipima homoni ya mfadhaiko kwenye mate ya watu 83, wakasema kwa waliojigonga ilishuka zaidi kuliko kwa waliozungumza na mshauri tu na kwa waliopumzika. Mjadala haujafungwa. Lakini kwamba kuna mifereji ya nguvu iliyoziba na kidole kikaizibua, hilo hakuna aliyelithibitisha.

Utaniuliza, shehe, jambo la bwawa la kuogelea la California lilifikaje mwaloni Katonga? Lilipita njia ya vita.

Sisi wa mwambao huu hatuhitaji kusimuliwa. Wazee wetu waliwapokea Warundi mwaka 1972. Tukawapokea tena 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa. 1994 ikawa Rwanda. 1996 vita vikaanza Zaire, watu wakavuka ziwa kutoka upande wa Uvira na Fizi kwa mitumbwi na maboti, na mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Mei 2015 pwani ndogo ya Kagunga ikajaa makumi ya maelfu ya Warundi, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba, meli ile ile ya Mjerumani iliyoanza kuelea 1915, ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma mjini. Wengi wenu mnaosoma hapa mliwaona wakishushwa. Baadhi yenu ndio mlioshushwa.

Watu wale walipewa mahema, unga, dawa ya malaria. Yale waliyoyaona kwa macho yao, hayo walilala nayo.

Basi mwaka 2006, miaka 12 baada ya mauaji ya kimbari, wataalamu kutoka Marekani walikwenda Rwanda na njia ya Callahan. Kwenye kituo kimoja cha yatima waliwafundisha vijana 50 kujigonga huku wakikumbuka yaliyowapata. Ni kikao kimoja tu. Kwa vipimo walivyojijazia vijana wenyewe, waliovuka kiwango cha ugonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 72 kabla ya kikao, wakawa asilimia 18 baada yake. Walezi walisema ndoto mbaya na kukojoa kitandani vimepungua. Halafu ikawa desturi ya kituo: mtoto akiamka usiku analia, mwenzake anakaa naye wanajigonga pamoja.

Ni habari nzuri, lakini nitakuwa mwaminifu kwako. Hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha, na waliopima ndio waliokuwa wanafundisha. Baadaye wakafanya utafiti mwingine wa watu wazima 145 huko huko Rwanda, wakiwemo waliosubiri zamu yao ili walinganishwe, na waliotoa tiba walikuwa Wanyarwanda wa kawaida waliofundishwa siku mbili. Matokeo yakawa mazuri tena.

Kisha Kongo, kwa majirani zetu wa ng'ambo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanawake 50 waliokimbia makazi yao na waliodhulumiwa kwa namna ambayo sitaiandika hapa kwa sababu watoto nao wanasoma ukurasa huu. Nusu walifundishwa kujigonga. Nusu walipata tiba ya mazungumzo, ile ya kumsaidia mtu kuyachunguza mawazo yake na kuyapanga upya. Saa mbili na nusu kila kikao, mara mbili kwa wiki, wiki nne. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na miezi sita baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Tofauti kati yao? Hakuna ya maana.

Na kuna mwingine wa Kivu Kaskazini na Kusini, uliochapishwa 2013 katika moja ya majarida makubwa ya udaktari duniani. Huo haukuwa na kugonga hata kidogo. Wanawake wa vijijini, wengi hawakusoma, walikaa kwa vikundi wakizungumza na kufundishana namna ya kuyatazama yaliyowapata, wakiongozwa na wasaidizi wa Kikongo. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili nzito za huzuni na wasiwasi walikuwa asilimia 9 tu. Kwa vijiji ambako mwanamke alipewa msaada wa mtu mmoja mmoja, ilikuwa asilimia 42.

Umeona linalojirudia? Mwanasesere, nukta za uongo, vikundi vya Kivu, watoto wa Rwanda. Mtu amekaa. Amelitaja lile jambo badala ya kulikimbia. Mwili wake umepewa kazi ndogo ya kufanya wakati moyo unauma, na pumzi imetulia. Na mara nyingi kuna mtu pembeni yake asiyemhukumu. Mimi naona tiba iko hapo, na vidole ni msaada kwa hayo.

Sasa turudi kwetu, maana kuna aliyekwisha kuandika "bid'a" kwenye maoni.

Karne ya kumi ya Miladi, yaani miaka zaidi ya 1000 kabla ya Callahan, aliishi mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh katika Afghanistan ya leo. Alifariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kutibu mwili na kuisahau nafsi, hali vyote viwili huugua na kimoja humwambukiza mwenzake. Akaeleza hasira, hofu, huzuni, na wasiwasi, kila moja kwa mlango wake. Na akatoa ushauri ninaoupenda sana: kama unavyoweka dawa nyumbani kabla hujaugua, weka mawazo mema moyoni wakati uko salama, ili siku ya dhiki uyakute. Aliyetuletea al-Balkhi kwa wasomaji wa leo ni Malik Badri wa Sudani, mwanasaikolojia Mwislamu aliyefariki 2021. Badri huyu huyu ndiye aliyewakemea wanasaikolojia Waislamu kwa kubeba kila kitu cha Magharibi bila kukichuja. Alichuja, lakini hakutupa vyote.

Na Mtume wetu (S.A.W.)? Alipofiwa na Bi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib, wanavyuoni wa sira wakauita mwaka ule mwaka wa huzuni. Mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho, machozi yalimtoka, hata Abdurrahman bin Awf (R.A.) akashangaa. Nabii Ya'qub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yakapofuka, na Mwenyezi Mungu hakumwita mpungufu wa imani. Mimi nilimwambia nini mama yule? Astaghfirullah.

Sahaba Uthman bin Abil As (R.A.) aliposhitaki maumivu mwilini, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aweke mkono pale panapouma, ataje jina la Allah, kisha aombe kinga kwa Allah mara saba. Hadithi iko kwa Muslim. Siileti kuwa dalili ya kujigonga kwa vidole, usiende kusema shehe kasema. Naileta uone kwamba mkono juu ya mwili na ulimi katika dua si jambo geni kwetu. Na katika ruqya, Sahaba walikuwa na maneno yao ya tangu zama za ujahiliya, wakamuuliza. Hakuyakataza kabla ya kuyasikia. Aliwataka wamwoneshe, akawaeleza kuwa hapana ubaya maadamu hamna shirki ndani yake. Alisikiliza kwanza. Ndilo nililoshindwa mimi.

Wanavyuoni wamesema kitu hufanywa sababu ya kuponya kwa njia mbili: ama sheria imekitaja, kama asali, ama uzoefu umethibitisha kinasaidia, kama panadol. Ukikipa kitu nguvu ya kuponya pasipo moja ya hayo, ndipo unapoelekea kwenye mlango wa hirizi. Kwa hiyo mwenye kujigonga akiamini kuna nguvu ya ulimwengu inayotembea mwilini na kuendesha mambo yake, huyo namwambia asimame hapo hapo. Anayefanya kama anavyokanda mguu uliokufa ganzi, anatulia, huku anajua mponyaji ni Allah, sioni cha kumzuia. Asili ya mambo ya dunia ni ruhusa mpaka ije dalili. Wapo mashehe watakaonipinga, nami nawaheshimu.

Kuna maneno yanayosemwa wakati wa kugonga, ya mtu kusema anajikubali pamoja na tatizo lake. Hayana ubaya, ila Mwislamu ana yaliyo bora: ataje msiba wake kwa jina, kisha aseme ameridhika na kadari ya Allah, amtake subira. Na aseme kwa Kiha au kwa Kiswahili, Allah anasikia lugha zote.

Jihadharini na wauzaji. Nimeona wengine mitandaoni wanafundisha kugonga ili kuvuta pesa, kuvuta mume, kufungua nyota. Huo ni uganga uliovaa tai. Na mtu asikuachishe dawa za hospitali. Ukikaa wiki na wiki huli, hulali, unatamani kufa, au unasikia sauti, nenda Maweni ukaonane na daktari. Sisi ukitaja ugonjwa wa akili tu watu wanadhani unapelekwa Mirembe na mlango unafungwa. Hapana. Unakwenda kuongea na daktari kama anavyokwenda mwenye presha.

Nilimtuma mke wangu kwa yule mama. Alimkuta anaanika dagaa. Akamweleza kwamba shehe amekosea na anaomba radhi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa ameacha kweli, siku ile ile niliyomwambia, na alfajiri zake zilirudi kuwa kama zamani. Wiki ngapi hizo, ndugu yangu, kwa sababu ya sentensi yangu moja?

Ijumaa iliyopita alikuja darsani. Amekaa na yule jirani yake. Sijamuuliza kama analala, sikuona kama ninayo haki hiyo. Mke wangu sasa anakaa na kina mama wanne watano kila baada ya Alasiri ya Jumanne, wote wamefiwa ziwani. Wanazungumza, wanasoma adhkari, anayetaka kujigonga anajigonga mwenyewe. Mwanamume asiye maharimu hagusi mtu hapo, na njia hii haimhitaji.

Na wale watatu mlioniuliza faragha: hapana, haitengui udhu. Wala saumu.

Wallahu a'lam.